Kufuli Tatu: Namna ya Kutambua Kishawishi na Kukipinga

Kwa miaka miwili nilikuwa mweka hazina wa kwaya ya akina mama katika kanisa letu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na pesa zote za kwaya nilizitunza nyumbani kwangu, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililokaa chini ya kitanda. Asubuhi moja mwanangu alirudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya minervali, yaani karo ya shule, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekwisha kutoa dola 60 katika kopo lile. Sikujiona mwizi, nilijiona mama mwenye mtoto aliyefukuzwa darasani. Nilipiga hata magoti kabla ya kulifungua, na nilipoinuka nilijiambia kwamba Mungu anaijua hali yangu, na kwamba Jumamosi, nikitoka sokoni, nitazirudisha. Jumamosi ile sikurudisha kitu, wala iliyofuata, na nilipochukua dola 20 nyingine baada ya mwezi mmoja, sikupiga magoti tena.

Ninayaeleza haya mwanzoni ili msomaji ajue kwamba mwongozo huu hautoki kwa mtu aliyeshinda siku zote. Tangu wakati ule nimekaa na akina mama na vijana wengi, mmoja mmoja, wakinieleza walivyoanguka, na katika habari zao, iwe ni pesa, pombe, simu, uzinzi au chuki, nimekuta jambo lilelile: kabla ya tendo palikuwa na sentensi fupi ambayo mtu alijiambia mwenyewe, na sentensi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Hatua zinazofuata zinahusu namna ya kuisikia sentensi hiyo mapema, na namna ya kupanga maisha ili isikukute peke yako ukiwa na funguo zote mkononi.

Hatua ya kwanza: Tenganisha mateso, kishawishi na dhambi

Katika Sala ya Bwana sisi Waprotestanti husema "majaribu", na ndugu zetu Wakatoliki husema "kishawishi". Mimi hupenda kuyaweka maneno hayo mawili pamoja, kwa maana kila moja linaeleza kile ambacho lingine limekificha. Neno "jaribu" hubeba mambo mawili: mateso yanayoipima imani, kama vita, njaa na ugonjwa, na tena mvuto wa kutenda uovu. Kiyunani cha Agano Jipya nacho hutumia neno moja, peirasmos, kwa yote mawili. Kwa sababu hiyo wengi wetu huchanganya, tukiona kwamba kwa kuwa tumeteseka tumekwisha kuanguka, au kwamba kwa kuwa tumeanguka ni mateso tu yaliyotupata. "Kishawishi", kwa upande wake, kinatokana na kushawishi, yaani kumvuta mtu kwa maneno mpaka akubali. Penye kishawishi pana maneno, na maneno yanaweza kusikilizwa, kuandikwa na kujibiwa.

Yakobo anaeleza mpango wa kishawishi katika sura ya kwanza ya waraka wake, mstari wa 13 mpaka wa 15: Mungu hamjaribu mtu kwa maovu, kila mmoja huvutwa na tamaa yake mwenyewe, tamaa ikishika mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Kati ya mimba na kuzaliwa kuna muda. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, aliugawa muda huo katika sehemu tatu: wazo linaletwa, moyo unaonja utamu wake, kisha nia inakubali. Wazo kuletwa tu si dhambi. Waebrania 4:15 hutuambia kwamba Kristo alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kutenda dhambi. Basi dada anayekuja kwangu akilia kwa sababu wazo baya limemjia wakati wa ibada, mimi humwambia afute machozi kwanza, ndipo tuzungumze juu ya utamu na kukubali, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Kuna jambo lingine ambalo sharti lisemwe wazi katika mji wetu. Msichana ambaye mkubwa wa kazi anamdai mwili wake ili ampe ajira, au mama anayetishwa na mwenye silaha, hayuko katika kishawishi chake mwenyewe. Yuko chini ya ukatili wa mtu mwingine, na anayehitaji kuhubiriwa toba ni yule anayemdai. Mtu wa namna hiyo ahitaji ulinzi, daktari, mwanasheria na watu wa kusimama naye. Kumpa mistari ya Biblia juu ya kushinda tamaa ni kumwongezea jeraha. Vivyo hivyo yule ambaye mwili wake umekwisha kuwa mtumwa wa pombe, mpaka anatetemeka asubuhi asipokunywa, apelekwe hospitali pamoja na kuombewa, kwa sababu kuacha pombe ghafla bila uangalizi wa daktari kunaweza kumhatarisha.

Hatua ya pili: Shika daftari kwa wiki mbili

Ignatius wa Loyola, aliyekuwa askari kabla ya kuwa mwanzilishi wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, alifundisha kwamba adui wa roho huenenda kama jemadari anayezunguka ngome, akikagua kila ukuta, kisha anashambulia pale palipo dhaifu kuliko pote. Kama adui anakagua, mwenye ngome naye yampasa akague. Nunua daftari dogo la shule, na kila jioni kabla ya kulala uandike mambo matano kuhusu kila kishawishi kilichokujia siku ile, iwe ulianguka au hukuanguka: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, mwili wako ulikuwa katika hali gani, na ulijiambia nini. Usiandike tendo lenyewe kwa urefu. Daftari linaweza kuangukia mikononi mwa mtoto, na tena kuandika kwa urefu huurudisha utamu. Mistari miwili inatosha.

Baada ya siku kumi na nne soma yote kwa mara moja. Watu wengi hushangaa, kama nilivyoshangaa mimi. Nilikuwa nimeamini kwamba mlango wangu ni umaskini, kwamba siku ambazo hakuna chakula ndizo siku za hatari. Daftari lilinionyesha kwamba siku za njaa nilikuwa mwaminifu kabisa, na kwamba vishawishi vyangu vyote vya pesa vilikuja siku ambazo nilikuwa nimeaibishwa mbele ya watu: mtoto kurudishwa nyumbani jirani wakiona, mwenzangu kunitangulia kununua kitenge cha sherehe, shemeji kunisema mezani. Mlango wangu ni aibu. Kama nisingeandika, ningeendelea kuulinda mlango wa njaa ambao haukuwa na mtu, huku ule mwingine ukibaki wazi.

Kijana mmoja motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, aliona kwamba hanywi siku mbaya. Hunywa siku alizopata abiria wengi, saa kumi na mbili jioni, akipita mbele ya nganda, yaani baa, moja ileile katika mtaa wa Birere akiwa na pesa mfukoni na njaa tumboni. Binti mwingine aliona kwamba picha chafu huzitazama usiku ule ambao umeme unarudi saa nne au saa tano, kila mtu amelala, naye anangoja simu ijae. Habari ya Daudi katika 2 Samweli 11 nayo huanza hivyohivyo, kwa kutaja wakati, mahali na mwili: ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, yeye amebaki Yerusalemu, ni jioni, ameinuka kitandani, anatembea juu ya dari. Mwandishi ametaja hayo yote kabla ya kumtaja Bathsheba.

Hatua ya tatu: Isikilize sentensi ya ruhusa

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae kwa muda mrefu. Katika daftari lako, chukua mstari wa tano peke yake, ule unaosema ulijiambia nini, uziandike sentensi hizo zote ukurasa mmoja. Utaona kwamba si nyingi. Mtu mmoja huwa na mbili au tatu tu, na hurudiarudia hizohizo kwa miaka. Sentensi ya ruhusa haisemi kamwe, "Nataka kutenda uovu." Katika Mwanzo 3:6 mwanamke aliona kwamba ule mti wafaa kwa chakula, wapendeza macho, tena ni wa kutamanika kwa maarifa, zote tatu ni sababu nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa uongo mtupu.

Sentensi iliyoniangusha mimi, "Mungu anaijua hali yangu," ni ya haja. Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Bwana wetu baada ya kufunga siku arobaini alikuwa na njaa ya kweli, na mkate si dhambi. Alichoambiwa ni kuitimiza haja halali kwa njia ambayo Baba hakumpa. Namna ya kuipima sentensi ya haja ni kujiuliza kama njia unayoichagua ingeweza kusemwa mbele ya mwenye mali. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba nimekopa. Lakini anayekopa huomba kwanza, na akina mama wa kwaya walikuwa watu wangu, wangenichangia dola 60 siku ileile kama ningewaeleza. Sikuwaomba kwa sababu sikutaka waone aibu yangu, na hapo ndipo inapoonekana kwamba sikukopa.

Sentensi ya pili ni ya malipo: "Nimefanya kazi miezi mingi bila mshahara, hiki ni changu." Katika nchi yetu sentensi hii ina nguvu, kwa kuwa mara nyingi sehemu yake ya kwanza ni kweli, na mtumishi asiyelipwa ametendewa uovu. Wengine huiongezea Maandiko, wakisema kwamba ahudumiaye madhabahu hula vya madhabahuni. Tukumbuke kwamba juu ya kinara cha hekalu Shetani naye alinukuu Zaburi ya 91. Malipo ya uovu uliotendewa na mwajiri hayatoki mfukoni mwa mwajiri huyo unapomtoza mama anayeuza ndizi. Yanatoka kwa mama huyo, ambaye hakukuajiri.

Ya tatu ni ya wengi: "Kila mtu anafanya hivyo." Hapa kwetu ina jina, ni ile Artikle 15 ambayo kila Mkongomani anaijua kwa maana ya "jitafutie mwenyewe". Sina haja ya kukaa nayo, kwa sababu anayeisema huwa anajua tayari kwamba haitoshi. Ndiyo maana huisema akicheka.

Ya nne imeongezeka sana tangu vita: "Sijui kama kesho nitakuwa hai." Nimeisikia kwa vijana waliolala usiku wakisikia mabomu, na siwezi kuwalaumu kwa kuihisi. Mtume Paulo aliijua sentensi hii, maana katika 1 Wakorintho 15:32 anasema kwamba kama wafu hawafufuliwi, basi na tule, tunywe, kwa kuwa kesho tutakufa. Jibu lake ni ufufuo, na mimi sina jibu lingine la kumpa kijana wa mtaa wa Ndosho au wa Majengo. Ila naongeza jambo moja la kawaida: wengi waliosema hivyo mwaka uliopita wako hai leo, na wanaishi na matunda ya usiku ule, wakiwa na mtoto asiyejua baba yake, deni, au ugonjwa.

Ya tano ndiyo inayonitisha kuliko zote, na huwa haitajwi katika mahubiri juu ya vishawishi: "Wale watu ndivyo walivyo." Katika mji wenye jamii nyingi kama wetu, uliozidiwa na misiba mingi, chuki juu ya kabila la jirani haiji kama kishawishi, huja kama uaminifu kwa wafu wetu, na mtu anaweza kuisambaza kwa simu yake akitoka kuchukua Meza ya Bwana. Mungu alimwambia Kaini, katika Mwanzo 4:7, kwamba dhambi inamwotea mlangoni na kwamba yapasa aishinde, na wakati huo Kaini alikuwa bado hajamgusa ndugu yake. Alikuwa na uso uliokunjamana tu. Ukijikuta unasema "wale watu", andika katika daftari ni mtu gani hasa, alifanya nini hasa, lini. Mara nyingi ukurasa utabaki mtupu. Na ikiwa yuko mtu aliyekutendea kweli, hilo ni neno la haki na la kulilia mbele za Mungu, wala haliwahusu watoto wa mtaa wa pili.

Hatua ya nne: Funga kufuli kabla ya saa yake

Siku hizi mimi ni mwanachama wa AVEC ya mtaa wetu, ule umoja wa kuweka na kukopeshana ambao akina mama wengi wa Kivu wanaujua. Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti, ilhali sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Hufunguliwa siku ya mkutano tu, mbele ya wote, na pesa huhesabiwa kwa sauti. Watu hawa wanasali pamoja, wanazikana, wanalea watoto pamoja, na hakuna hata mmoja anayeona kwamba kufuli hizo zimemtukana. Mara ya kwanza nilipoliona sanduku lile likifunguliwa nilishindwa kujizuia kulia, kwa kuwa nililikumbuka kopo langu la maziwa.

Kufuli ya kwanza ni umbali. Kuna vishawishi ambavyo Biblia haituambii tushindane navyo, hutuambia tukimbie: zinaa katika 1 Wakorintho 6:18, tamaa za ujanani katika 2 Timotheo 2:22. Yusufu katika nyumba ya Potifa aliacha vazi lake mkononi mwa mwanamke akatoka nje, na vazi lile likatumiwa kumsingizia, maana kukimbia kuna gharama. Yule motari sasa anapita njia nyingine, ndefu zaidi, na kabla ya saa kumi na moja jioni hutuma sehemu kubwa ya mapato kwa mke wake kwa simu. Yule binti huacha simu sebuleni ikijaa, na mama yake ndiye anayeiwasha saa ya kengele ya asubuhi. Nayo pesa ya kanisa, tangu mabenki ya mji wetu yalipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, imekuwa ikilala katika nyumba za watu. Basi ihesabiwe na watatu, iandikwe na kutiwa sahihi, na isilale kwa mwenye deni. Hasira na chuki huwezi kuzikimbia kwa miguu, kwa sababu zinakaa nawe. Kwa hizo utahitaji zaidi kufuli ya pili na ya tatu.

Kufuli ya pili ni mtu. Tafuta mmoja, wa jinsia yako, aliyekutangulia katika imani na asiyechukua maneno, umweleze mlango wako na sentensi yako ya ruhusa kama ilivyo, neno kwa neno, kisha umpe haki ya kukuuliza kila juma. Asikuulize, "Hujambo kiroho?" maana utamjibu kwamba hujambo. Mama ninayekutana naye mimi huniuliza, "Juma hili ni nani aliyekuaibisha, na baada ya hapo ulifanya nini?" Ignatius niliyemtaja alisema pia kwamba adui ni kama mwanamume laghai anayemtongoza binti wa watu na kumsihi asimwambie baba yake, siri ikitoka, hila yake imekwisha.

Sisi watu wa Goma tunao mfano wa karibu. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa mwaka 1981, akafanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alipewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, akakataa, na mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Mimi si Mkatoliki, lakini kuna jambo katika habari yake ambalo ningetaka kila kijana mwenye muhuri wa serikali alijue: alimpigia simu mtawa mmoja aliyekuwa daktari, akamwuliza chakula kile kingewadhuru vipi watakaokila. Rushwa ilimtaka atazame pesa akiwa peke yake. Yeye alimwingiza mtu mwingine katika jambo hilo, tena akawatazama walaji ambao hakuwajua hata kwa sura. Hakuwa mtu asiye na haja. Alikuwa kijana katika mji uleule wa haja zetu, na mlango wa kutokea ambao Paulo anauahidi katika 1 Wakorintho 10:13 haukumwondolea kifo. Hilo hatupaswi kulificha tunapowafundisha vijana, wala kuwaahidi kwamba mwaminifu atalipwa hapa duniani.

Kufuli ya tatu ni neno. Bwana Yesu alijibu mara tatu kule jangwani, na majibu yote matatu yametoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6, mahali panaposimulia Israeli walivyojaribiwa jangwani. Alichagua Maandiko yanayolingana na jaribu. Nawe chagua mstari mmoja unaojibu sentensi yako hasa. Kwangu mimi, ambaye mlango wangu ni aibu, mistari juu ya wizi haikunisaidia sana, kwa sababu nilikuwa naijua siku ileile nilipolifungua kopo. Uliyonisaidia ni Zaburi 34:5, kwamba waliomwelekea Bwana macho nyuso zao hazitaona haya. Ukariri mstari wako mpaka uweze kuusema ukiwa na usingizi.

Hatua ya tano: Dakika za kwanza

Kishawishi kikifika, fanya mambo haya kwa haraka na bila kujadiliana nacho. Kitaje kwa sauti: "Hiki ni kile kishawishi changu, na sentensi yake ni hii." Inuka ulipokaa, toka nje, nenda penye watu. Piga simu kwa yule mtu wako, hata kama hutasema zaidi ya maneno mawili. Sema mstari wako na sala fupi. Wakati wa sala ndefu utakuja baadaye, na nakumbuka vizuri kwamba mimi niliomba kwa magoti huku nikijua nitakachofanya nikiinuka. Kisha ahirisha uamuzi wowote mpaka kesho asubuhi. Eva alianza kupoteza pale alipokaa kumsahihisha nyoka.

Hatua ya sita: Ukianguka

Rudi siku ileile. Kila saa unayokaa na siri humpa adui sentensi mpya, nayo ni hii: "Umekwisha kuharibu, basi endelea." Dola 20 za pili nilizichukua kwa sentensi hiyo. Ungama kwa Mungu, ambaye 1 Yohana 1:9 hutuhakikishia kwamba ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Kisha, kama kuna mtu uliyemdhulumu, nenda kwake. Zakayo hakuishia kwenye machozi. Katika Luka 19:8 alitaja hesabu. Kama uliyemkosea ni mwenzi wako wa ndoa, au kama kusema kutamweka mtu hatarini, zungumza kwanza na mchungaji au padri juu ya namna na wakati.

Mimi sikurudi siku ileile. Nilikaa miezi mitano, mpaka siku ambayo kwaya iliamua kununua sare na mama mwenyekiti akaniambia nilete kopo Jumapili. Usiku wa Alhamisi nilikwenda kwake na watoto wake wakiwa wamelala, nikamweleza yote, dola 80, na sentensi zangu zote mbili. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikuwaomba. Jumapili nilisimama mbele ya kwaya nikasema mwenyewe. Walinisamehe, na waliniondoa katika uweka hazina. Yote mawili waliyafanya siku moja, na wakati ule niliona kwamba la pili linalikanusha la kwanza. Sasa naona kwamba walikuwa wananifungia kufuli ambayo mimi mwenyewe nilishindwa kuifunga. Nililipa dola 10 kila mwezi kwa miezi minane.

Hatua ya saba: Baada ya kushinda

Luka 4:13 husema kwamba Ibilisi alipomaliza kila jaribu alimwacha Yesu kwa muda. Kwa hiyo usilitupe daftari ukiona miezi imepita salama. Lifungue tena kila unapobadilisha kazi, nyumba au hali, unapofiwa, unapooa au kuolewa, na hasa unapopewa cheo kanisani, kwa kuwa mlango unaweza kuhama. Mwezi uliopita AVEC yetu ilinichagua kushika mmoja wa funguo tatu. Kabla ya kuupokea niliwaeleza habari ya kopo, kwa maana wengine ni wapya na hawakuijua, nao wakaujadili mbele yangu kisha wakanipa. Nikipanda boti kwenda Bukavu, ufunguo huo hubaki kwa mama ninayekutana naye kila juma, ambaye hana ufunguo mwingine wala hajui sanduku linalala kwa nani.